Usiwavue Viatu Kwanza

Goma, Mapendo
Mwezi wa nane, siku moja kabla ya safari

Dada yangu mpendwa Clotilde,

Yesu asifiwe. Naanza na salamu kama alivyotufundisha sista wa darasa la nne, yule aliyesema kwamba barua isiyo na salamu ni mgeni aliyeingia jikoni bila kupiga hodi. Basi hodi, dada. Uko aje? Kile kikohozi cha Kinshasa kimekuacha, au umehama nacho mpaka Kampala? Na hivyo vyumba viwili ulivyopata, havivuji? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakunywa dawa zake za presha, anakula, anagomba, na akigomba asubuhi ndipo tunapojua kwamba amelala vizuri. Mdogo wetu Ferdinand naye ni mzima, unamwona mwenyewe hapo mbele yako, ndiye anayekuletea watoto. Ikiwa amekonda, ni kwa ajili ya njia. Mpe chakula.

Barua hii inakufikia kwa mkono wa Christa, mzaliwa wako wa kwanza. Nimemwambia akukabidhi kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kulia, maana najua mtalia. Na wewe nakuomba jambo moja: usiwavue watoto viatu kwanza. Wape chai, wape mkate, wakae na viatu vyao miguuni mpaka umalize kusoma. Vile vya mdogo wao Exaucée nitavifunga fundo ambalo hata mwizi hawezi kulifungua. Sababu yake utaiona mbele. Vumilia tu, unanijua, mimi sifiki kisimani bila kupitia kwa kila jirani.

Utauliza kwa nini sikukupigia simu. Tumepigiana mara nyingi, lakini nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, na nikishika simu watoto wote watatu wananing'inia shingoni. Jambo lenyewe halifai walisikie. Kwa hiyo nimekaa hapa sokoni nyuma ya meza yangu ya viatu vya mitumba, naandika katikati ya wateja. Ukiona mstari umepinda, ujue kuna mama alikuwa anabishania raba za mtoto wake.

Dada, wewe uliondoka kwenda Kinshasa kwa misheni, safari ya kazi ya ofisi, wiki mbili tu, ukaniachia wanao. Baba yao alikwisha tutoka, kwa hiyo nani mwingine ungemwachia? Christa alikuwa ameshaanza kujifunga kitambaa kichwani kama mtu mzima, Benny alikuwa na meno mawili yaliyong'oka, na Exaucée alikuwa hajui neno isipokuwa "mpa", yaani nipe. Kisha Januari ile vita vikaingia Goma, waasi wakauchukua mji, uwanja wa ndege ukafungwa, na kila mtu akakwambia mwanamke wa ofisi ya Serikali asithubutu kurudi sasa. Wiki mbili zikawa mwaka na nusu. Hakuna anayekulaumu, nalisema mapema ili usinilowanishie karatasi.

Lakini nitakwambia kitu ambacho wewe na mimi tulikuwa tunakizunguka kwenye simu. Exaucée ananiita Mama. Sikumfundisha. Alianza mwenyewe, kwa sababu alisikia watoto wa majirani wanavyowaita wanawake wanaowalisha. Nilikuwa namwambia, mimi ni mama mudogo, mama yako ni Clotilde, na yeye anaitikia ndiyo Mama. Unakumbuka siku ile ulipopiga video ukiwa umevaa gauni la njano, akajificha nyuma yangu na kuuliza yule mama ni wa nani? Ulicheka. Nilikisikia kicheko chako kilivyokatika katikati. Tangu siku hiyo sikupata raha. Nikawa najiuliza, siku watakapofika kwako, huyu mtoto atakuja mikononi mwako au atakulilia kama anayelilia mgeni?

Basi, uliposema umepata kazi kwenye ile atelye ya ushonaji na kwamba watoto waje, Jumapili hiyo baada ya misa nilivuta begi kutoka chini ya kitanda nione kila mmoja ataweza kubeba nini. Sikusema neno. Benny akaenda jikoni akarudi na sufuria. Christa akaangua kutoka kwenye msumari ule mfuko wa plastiki wenye vyeti vya kuzaliwa na ripoti za shule, akauingiza ndani ya gauni, tumboni. Exaucée akaja kwa nyuma akanipanda mgongoni bila kuitwa. Wakajipanga mlangoni, kimya, wakaningoja niwaambie tunakimbilia wapi.

Hakuna aliyelia, dada. Hicho ndicho kilichonikalisha kitandani. Tangu tulipokimbilia kwenye madarasa ya parokia Januari ile, kwao begi lina maana moja tu. Nikaona kwamba watakuja kwako hivyo hivyo, mmoja na sufuria, mmoja na vyeti tumboni, wanakimbia. Sikutaka wakufikie kama wakimbizi. Nilitaka wakufikie kama watoto wanaokwenda kwa mama yao.

Nikamshirikisha Ferdinand. Unakumbuka zamani alikuwa anawabebea watalii mizigo kupanda volkano. Akaniambia kwamba wazungu wanapenda sana kutia vitu vyao kwenye mifuko ya mgongoni, zile sakado kubwa, na kutembea kwa miguu siku nzima na watoto wao, wakilala leo hapa kesho pale, na hayo ndiyo mapumziko yao. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni. Akauliza, "Sasa banakimbia nini?" Ferdinand akamjibu kwamba hawakimbii kitu, wanatembea tu. Mama akafikiri kidogo, kisha akasema hao watu hawana ndugu wa kuwakataza.

Ferdinand akasema tena kwamba kazi si njia, kazi ni watoto. Aliwahi kubebea familia moja yenye watoto wawili, na kitu alichojifunza ni kwamba mtoto hachoki miguu kwanza, anachoka kichwa. Ukimpa kitu cha kufanya, atapanda mlima wote. Ukimwacha atazame visigino vya aliye mbele yake, atakaa chini kwenye kona ya kwanza. Akanipa sakado tatu kuukuu alizoachiwa na watalii, mbili zina zipu, moja tunaifunga kwa kamba. Yeye akabaki na Mama. Mimi nikafunga meza ya viatu, nikawachukua watoto wako, tukapanda boti kwenda Idjwi. Kama kuna mahali pa kutembelea bure bila kukimbia, ni kisiwani.

Kabla ya kuondoka nilimkataza Benny kubeba sufuria. Akaitika vizuri kabisa. Tulipokuwa tunashuka bandarini nikasikia mgongoni mwake ngo, ngo, ngo. Nikajifanya kiziwi.

Ungemwona Exaucée tuliposhuka kule. Alisimama akaangalia chini, akageuka huku na huku, akauliza, "Majiwe ilienda wapi?" Mtoto wa Goma huyu, tangu ajue kutembea hajakanyaga kitu kingine ila mawe meusi ya volkano, na kule ardhi ni nyekundu na laini. Akavua viatu vyake akavitia mfukoni mwangu. Benny akasema labda mawe yao wanayaficha usiku. Christa, ambaye sasa ni msichana mkubwa mwenye akili nyingi, alianza kumweleza mambo ya lava, na kwa maelezo hayo tukapanda kilima cha kwanza bila mtu kulalamika.

Kilima cha pili ndipo kazi ilipoanza. Nilikuwa nimenunua bonbon tamu za kuwapa moja moja njiani, lakini nikuambie ukweli, nyingi nilikula mwenyewe. Nikaimba, nyimbo zikaisha. Tukacheza nani ataona mbuzi wa kwanza, nani ataona nanasi, nani ataona paa la bati jipya. Benny akaanza wimbo wake: "Tulishafika?" Hatua kidogo, "Tulishafika?" Nikatoa sheria. Nikasema, yeyote atakayeuliza kama tumefika, atavaa sufuria kichwani mpaka aulize mwingine. Benny akafurahi sana, akauliza papo hapo, akavaa sufuria yake, akawa anajipiga ngumi kichwani na kutembea kwa mdundo. Christa akaona wivu, akauliza naye. Exaucée alipovishwa ikamfika mpaka mabegani, tukamshika mkono kama kipofu, akacheka mpaka akapata kwikwi. Hivyo ndivyo tulivyomaliza njia ndefu kabisa ya siku ile, watoto wanagombania kuuliza.

Jioni ilipokaribia tukakutana na baba mmoja na baiskeli yake. Miguu ilikuwa inaniwaka, Exaucée nimembeba mgongoni kwa kitenge, na mdomo ukanitoka. Nikamuuliza yule baba, je, kijiji tumekifikia? Dada, sijawahi kuona furaha kama ile. Walipiga makelele wote watatu, wakanivisha sufuria. Mimi, mwanamke mzima wa Mapendo, nikaingia kijiji cha watu na sufuria kichwani, mtoto mgongoni, na watoto wawili nyuma yangu wenye mifuko.

Fikiria walichokiona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua nguo aliacha nguo akaingia ndani. Mzee mmoja akaanza kufungua kamba ya mbuzi wake. Watu wakatoka kila upande, wakanizunguka, wakaniuliza, "Vita iko wapi? Imefika wapi?" Nikawaambia hakuna vita, tuko kwenye konje, tunapumzika na kutembea tu. Wakatazamana. Kijana mmoja akaniuliza kwa upole, kama unavyosema na mgonjwa, "Mama, mutu anaenda konje na sufuria ku kichwa?" Kadiri nilivyoapa kwamba ni mchezo, ndivyo walivyozidi kunihurumia.

Ndipo alipokuja mama mmoja mjane, anaitwa Nyiramahirwe. Yeye ni mtu wa Rutshuru, vita vilimtoa kwao zamani, akafika kisiwani na kubaki. Alinishika mkono akaniambia nisione haya, hata yeye siku za kwanza alikuwa anawaambia watu kwamba amekuja kumtembelea ndugu. Akatupeleka kwake. Akatupikia maharage na viazi vitamu, akatandika mkeka wake mzuri. Nilijaribu kukataa, lakini unajua kukataa chakula cha mtu ni kumtukana, basi tukala. Christa akajaribu kumweleza mambo ya watalii na sakado. Yule mama akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, huku anamwongezea viazi.

Kilichomwaminisha si maneno. Baada ya kula, Benny alichukua sufuria akaniletea maji ya vuguvugu, maana ilikuwa saa ya kunawa miguu. Hapa nikueleze kitu kimoja, kishike vizuri. Usiku wa kwanza tulipokimbilia parokia, Exaucée alikataa kulala. Alilia, alikutafuta, alinisukuma. Sikuwa na maziwa, sikuwa na blanketi, nilikuwa na maji kidogo kwenye sufuria hii hii. Miguu yake ilikuwa myeusi kwa vumbi la mawe. Nikaanza kuinawisha, mguu mmoja mmoja, na kwa kuwa sikujua la kumwambia yeye, nikaiambia miguu. Nikasema, aksanti mguu, umetufikisha, sasa lala. Akanyamaza kusikiliza. Kabla sijamaliza mguu wa pili alikuwa amelala. Tangu siku hiyo hakuna jioni tuliyoiacha. Bila hivyo halali. Mimi ni muuza viatu, maisha yangu yote natazama miguu ya watu, lakini sikuwahi kuzungumza nayo kabla ya hapo.

Basi kule kwa Nyiramahirwe nikamnawisha na kuiambia miguu yake aksanti. Benny akataka na sufuria nayo ishukuriwe, kwa kuwa ilitembea juu ya vichwa vya watu wanne. Exaucée akaanza kucheka, Christa akacheka, nami nikashindwa kujizuia. Yule mama aligeuka akatutazama. Kisha akasema, "Hapana. Sasa naamini. Batoto benye kukimbia habachekaka hivi." Akacheka na yeye, akafuta macho kwa kitenge, akatoka nje kuwaambia majirani kwamba yule mzee amfunge tena mbuzi wake, hawa ni wendawazimu tu, wanatembea.

Nililala vizuri siku hiyo. Nilijua kwamba nusu ya kazi yangu imekwisha. Begi lilikuwa limepata maana nyingine kwa wanao.

Nusu ya pili sikuipanga. Ilikuja siku iliyofuata, tulipokuwa tunafuata mgongo wa kisiwa kuelekea kusini. Michezo yote ilikuwa imekwisha, hata sufuria haikuchekesha tena. Christa ndiye aliyetunga mchezo mpya. Akasema, kila tukifika juu ya kilima, kila mtu aseme kitu kimoja cha mama. Kitu anachokikumbuka, si cha kusikia.

Christa alikuwa na vingi. Alisema unapofunga kitambaa unashika ncha moja kwa meno na huku unaendelea kugomba. Alisema ukiwa na wasiwasi unafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Benny alikuwa na vichache lakini alivibana vizuri. Alisema ulikuwa unapiga mluzi ukipika, na Mama, Koko wao, anakukataza, na akitoka Koko unaanza tena. Alisema ulikuwa unamwekea mikono ya baridi shingoni asubuhi ili aamke. Aliposema hivyo akajishika shingo, akatembea hivyo mpaka kilima kilichofuata. Sikujua kama mtoto wa miaka minane anaweza kumkumbuka mtu kwa shingo.

Na Exaucée? Kwenye kilima cha kwanza alisema mama anafunga kitambaa. Benny akamwambia hicho ni cha Christa. Kwenye kilima cha pili akasema mama anapiga mluzi. Benny akamwambia hicho ni changu, tafuta chako. Hakuwa mkatili, alikuwa anafuata sheria. Kwenye kilima cha tatu Exaucée alikaa chini katikati ya njia akakataa kuinuka. Nikamwita, nikamtekenya, nikampa bonbon ya mwisho. Hakuitaka. Akaniambia yeye hana mama wa kwenye kilima.

Dada, nilimbeba na sakado yangu mbele na yeye nyuma, nikapanda. Nilikukumbuka vibaya sana saa ile. Nilikutamani uwe pale, hata kwa ugomvi wako, hata kwa kufagia kwako. Tulifika juu. Upande wa pili ziwa lilikuwa limetulia, na ng'ambo ilionekana milima ya upande wa Bukavu, kwetu tulikozaliwa, ambako mimi na wewe tulikuwa tunashuka kuteka maji na wewe unanibebea ndoo yangu nikichoka. Christa akasema chake. Benny akasema chake. Nikadhani mchezo umekwisha.

Exaucée akasema mgongoni mwangu, "Mimi pia niko na yangu." Akasema, "Mama ananinawisha miguu. Anaambiaka miguu aksanti."

Benny akafungua mdomo. Christa akanitazama.

Nitakwambia wazi, kwa sababu wewe ni dada yangu na sina mwingine wa kumwambia. Kitu kile kilikuwa changu. Katika mwaka na nusu huo, katika ule woga wote, hicho ndicho kitu kimoja nilichokitunga mwenyewe kwa mtoto huyu, na kilikuwa kimekaa. Nilikitaka. Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Waliosema hivyo hawakusema kwamba ukimaliza kulea kuna kazi nyingine, ya kurudisha.

Nikamshusha mgongoni nikamsimamisha mbele yangu. Nikamwambia ndiyo, umepata, hicho ni cha mama yako Clotilde. Ni yeye aliyenifundisha. Alipoondoka aliniambia, Léonie, kila jioni mnawishe Exaucée miguu na uiambie aksanti, mpaka miguu hiyo itakapomfikisha kwangu, halafu nitanawisha mwenyewe.

Benny akafunga mdomo. Christa, mtoto huyu ambaye hajatimiza hata miaka kumi na miwili, alinishika mkono akaubana. Kisha akamwambia mdogo wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni kweli, yeye alikuwa anaona zamani, na mama huwa anaanza na mguu wa kushoto. Mimi ndiye ninayeanza na mguu wa kushoto, dada. Mwanao aliona nilichokuwa nakifanya, akanisaidia kukibeba.

Exaucée akashuka kilima kile kwa miguu yake mwenyewe, mbele yetu wote, anaimba kwamba ana chake.

Sasa unajua. Nilikudanganyia mtoto, na nimempa kumbukumbu ambayo huna. Tangu tuliporudi Goma nimeendelea kila jioni. Ninamwambia, hivi ndivyo mama Clotilde alivyonifundisha, na yeye ananiuliza maswali. Je, mikono ya mama Clotilde iko ya moto? Je, anajua kidole hiki chenye kovu? Nimemjibu kwamba unakijua. Ni kidole kidogo cha mguu wa kulia, alijikata kwenye jiwe hapa uani, tafadhali usikisahau. Na juzi, nilipomaliza kumfuta, aliniambia, "Aksanti, mama mudogo." Mara ya kwanza katika maisha yake. Nilitoka nje kama mtu aliyesahau kununua makala ya kuwasha jiko, nikasimama huko mpaka Mama akaniita.

Usiniulize kwa nini sikuja nao mwenyewe. Sababu ya kuwaambia watu ni Mama, na ni ya kweli, hawezi kubaki peke yake. Lakini hata kama angeweza, nisingekuja. Nikisimama hapo kando yako, Exaucée atakimbilia kwangu, na kazi yote ya vilima itaharibika. Kesho nitawasindikiza mpaka mpakani, nitawaambia waendelee na mchezo, kila wakipanda basi waseme kitu kimoja cha mama, na nitageuka kabla yao. Usifikiri nina ujasiri. Ninaogopa jioni ya kesho kuliko nilivyoogopa kitu chochote. Nitakuwa na maji ya moto na sitakuwa na miguu ya mtu.

Basi nikuage kwa yale tuliyozoea, maana kuna mteja anagonga meza kwa kiatu. Mama anakusalimu sana, anasema usiwalishe watoto vitu vya kununua barabarani, na uende misa. Majirani wote wa Mapendo wanakusalimu. Mwambie Ferdinand asikae huko mpaka azoee, namhitaji. Christa usimwachie kazi nyingi, atazichukua hata usipompa. Benny mwekee mikono ya baridi shingoni asubuhi ya kwanza hapo kwako, usimwambie nani kakuambia.

Sufuria imo kwenye sakado yake, chini kabisa, imefungwa kwenye sweta. Usiicheke, na usiirudishe. Maji yawe ya vuguvugu, ujaribu kwa kiwiko. Mguu wa kushoto kwanza. Utaona aibu kuzungumza na miguu, hata mimi niliona, lakini sema kwa sauti ili asikie: aksanti mguu, umemfikisha. Na akikutazama usoni akuulize kama kweli ni wewe uliyemfundisha mama mudogo, mwambie ndiyo, dada. Usisite hata kidogo. Mwambie ndiyo.

Fundo lile linafunguka ukivuta ncha ya ndani. Sasa wavue viatu.

Ni mimi mdogo wako, mama mudogo wa watoto wako,

Léonie